Kambi Iliyokuwa na Jina Hewani

Barua pepe ilikuja mwezi wa Novemba 2023, mistari mitatu tu. Kituo kimoja cha redio cha maskauti wa Italia kilitushukuru kwa ripoti yetu, kikasema kimepekua daftari lake la siku ile, na saa tuliyoitaja haimo. Saa ile, waliandika, mitambo ilikuwa imezimwa na watoto wamelala.

Niliisoma kwa sauti mbele ya vijana wa kikundi chetu hapa Kakuma. Nilifikiri nitaulizwa maana yake, lakini hakuna aliyeuliza. Mtu aliyekaa kambini hata mwezi mmoja anaijua sentensi hiyo kwa lugha zote: jina lako halipo kwenye orodha. Kijana mmoja akacheka, akasema, "Hata hewani?"

Kabla sijasema kosa lilikuwa la nani (lilikuwa langu), inabidi nieleze tulikuwa tunatafuta nini huko hewani, na historia yake imetoka wapi. Ni historia ambayo mimi niliichukulia kama mchezo wa wazee wa Ulaya, mpaka nilipokuta katikati yake kuna kambi.

Redio ninayoizungumzia si ile ya habari na muziki. Inaitwa redio ya ridhaa. Ni watu wa kawaida, mwalimu, fundi, mstaafu, mwanafunzi, ambao wamefanya mtihani, wakapewa leseni na jina la hewani, na wanaongea wao kwa wao kutoka nyumbani bila kulipwa na bila kuuza kitu. Jina la hewani ni herufi na tarakimu. Wahudumu mnaosoma jarida hili mnalijua jambo hilo, maana wengi wenu mna lenu kwenye ile redio ya mkononi inayoning'inia kiunoni, na watoto wa hapa wanawaiga mchana kutwa kwa vipande vya mbao: Kilo Bravo, Kilo Bravo, ova.

Tofauti ni kwamba jina la mwanaredio wa ridhaa linaanza na nchi. Herufi za mwanzo zimegawiwa na ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano. Kenya ni 5Z, Tanzania 5H, Uganda 5X, Kongo yetu 9Q, Burundi 9U, Rwanda 9X, Sudan ST, Ethiopia ET, Somalia 6O. Kabla ya uhuru Kenya ilikuwa VQ4, jina la himaya ya Mwingereza. Zaire ilirudi kuwa Kongo mwaka 1997 na 9Q haikuguswa. Ukimsikia mtu kwa sekunde mbili umeshajua ni serikali gani iliyompa ruhusa ya kusema.

Sasa, kuna siku ambazo wanaredio hawa wanaomba jina lingine, la muda, kwa ajili ya kukumbuka jambo: vita vilivyokwisha, daraja lililojengwa, meli iliyozama, mtu aliyezaliwa. Hicho ndicho kituo cha tukio maalumu. Uingereza majina hayo huanza na GB, na kwa miaka mingi sheria yake ilikuwa siku 28, si zaidi, na kituo kiwe wazi ili raia yeyote aje kutazama. Marekani wao wana majina mafupi kuliko yote: herufi, tarakimu, herufi. Herufi ya kwanza ni K, N au W. Tarakimu ni kumi. Herufi ya mwisho ni yoyote isipokuwa X. Zidisha mwenyewe utapata majina 750, na kila kikundi kinalitumia jina kwa siku zisizozidi 15, kisha kinalirudisha ili wengine wapewe. Kila mwaka wiki ya kwanza ya Julai wanasherehekea yale makoloni 13 yaliyojitoa kwa Mwingereza, na majina yanakwenda kutoka K2A mpaka K2M, moja kwa kila koloni. Kilichonichekesha ni kwamba Uingereza nayo imejiunga na sherehe hiyo, kwa jina la GB13COL. Aliyefukuzwa anapiga hodi kuwapongeza waliomfukuza, na wanampokea.

Lakini kukumbuka jambo hewani kuna masharti. Hutoshi kusema tu kwamba ulikuwepo. Lazima mtu mwingine akusikie, akujibu, wewe umsikie, kila mmoja aandike kwenye daftari lake: jina la mwenzake, siku, saa, masafa. Madaftari mawili yakilingana, ndipo mawasiliano yanahesabika, na ndipo inatumwa kadi. Kadi hiyo inaitwa QSL, herufi za kale za telegrafu zenye maana ya "nimepokea".

Mzee mmoja jirani yetu, ambaye vijana wanamwita Mzee wa Foni, hakuhitaji kuelezwa hayo. Yeye alikuwa mpiga foni kwenye parokia moja kule Kivu ya Kusini. Wadogo zangu waliozaliwa hapa hawaijui foni. Ilikuwa redio ya masafa mafupi, betri ya gari, waya mrefu juu ya paa, na mstari wa watu nje tangu asubuhi. "Zamani hakukuwa telefone," anasema. "Mtu anakuja na habari yake mu karatasi: mtoto amezaliwa, muzee amekufa, mutume pesa ya jeneza. Mimi ninasoma. Ule wa ngambo anarudilia neno kwa neno. Kama hayarudilia, mimi sitoki ku kiti. Sababu haijafika." Kwa maneno mengine, ujumbe ambao haukurudiliwa haukuwa ujumbe.

Kwa kipimo hicho cha Mzee, hata mwanzo maarufu kabisa wa redio una walakini. Tarehe 12 Desemba 1901 Guglielmo Marconi alikaa kwenye kilima cha Signal Hill, mjini St. John's, Newfoundland, akiwa na kipokezi sikioni na waya ulioinuliwa na kishada. Ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, huko Poldhu, kusini magharibi mwa Uingereza, watu wake walikuwa wanapiga herufi moja tu, S, nukta tatu, tena na tena. Marconi alisema amezisikia. Msaidizi wake, George Kemp, alisema naye amezisikia. Hakukuwa na mashine ya kurekodi, na St. John's hakukuwa na mtambo wa kujibu Poldhu kwa njia hiyo hiyo. Mpaka leo kuna wahandisi wanaobishana kama zile nukta zilikuwa kweli au ni mlio wa radi za mbali. Ni maneno ya watu wawili, wote wa upande mmoja. Mimi naamini alisikia, lakini imani yangu haimsaidii.

Poldhu pana klabu ya redio ya ridhaa yenye jina GB2GM, GM ikiwa ni Guglielmo Marconi, na kila mwaka, Jumamosi iliyo karibu na tarehe 25 Aprili, siku aliyozaliwa, vituo vya nchi nyingi huingia hewani kumkumbuka. Wao hujibiana. Lile lililokosekana 1901, yaani jibu, sasa linapatikana kwa wingi.

Jambo la pili ni ruhusa. Mwanzoni hewa haikuwa na mwenyewe. Kijana yeyote Marekani aliyeweza kuzungusha waya alipiga alichotaka na kwa jina alilojipa. Halafu ikaja Titanic. Usiku wa 14 kuamkia 15 Aprili 1912, Jack Phillips na Harold Bride walipiga wito wa msaada kwa jina la meli yao, MGY. Meli ya Carpathia ilisikia ikaja. Californian ilikuwa karibu zaidi, lakini ilikuwa na mtu mmoja tu wa redio, naye alishazima mtambo akaenda kulala. Mwaka huo huo Marekani ikatunga sheria: meli ziwe na zamu ya kusikiliza, kila anayerusha awe na leseni, na hawa wa ridhaa waondoke kwenye masafa mazuri, wakae kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini, ambayo wataalamu waliyaona hayana faida.

Walisukumwa kwenye eneo ambalo mwenye nguvu aliliona halina faida. Sisi wa Turkana hatuhitaji maelezo ya ziada. Kumbe mawimbi mafupi ndiyo yanayopanda juu, yakagonga tabaka la anga, yakarudi chini upande wa pili wa dunia. Novemba 1923 Léon Deloy wa Nice, Ufaransa, na Fred Schnell wa Connecticut waliongea kwa Morse kuvuka Atlantiki, mmoja anapiga, mwingine anajibu, kwenye wimbi la karibu mita 110. Hapo hakuna mhandisi anayebishana, kwa sababu daftari zilikuwa mbili. Baada ya hapo wakubwa wote waliyataka mawimbi mafupi, na watu wa ridhaa wakabaki na vipande vyembamba, ndivyo hivyo wanavyovitumia mpaka leo.

Sasa nifike kambini.

Agosti 1957, katika bustani kubwa ya Sutton Park karibu na Birmingham, Uingereza, walipiga hema maskauti zaidi ya elfu thelathini kutoka nchi nyingi. Ilikuwa miaka 50 tangu Robert Baden-Powell apeleke wavulana wachache kwenye kisiwa cha Brownsea kujaribu wazo lake, na miaka 100 tangu azaliwe yeye mwenyewe. Mji mzima wa hema, wenye maduka, posta, hospitali, kwa siku kumi na mbili. Neno letu ni moja tu kwa kambi yao na kambi yetu, na nikiwaonyesha vijana picha za Sutton Park huwa wanaanza kuhesabu hema na kuuliza vyoo viko wapi.

Katika kambi hiyo kulikuwa na kituo cha redio cha tukio maalumu, GB3SP, SP ikiwa Sutton Park. Yaani kambi ilipewa jina. Kwa wiki mbili hizo, mtu aliyekuwa popote duniani akiwa na kipokezi aliweza kusikia mahali ambapo Julai palikuwa nyasi na Septemba patakuwa nyasi tena, pakiitwa kwa jina lake na pakijibu.

Hakuna mvulana asiye na leseni aliyeruhusiwa kushika maikrofoni. Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilimpa sauti mwenye leseni peke yake. Wengine walisimama nyuma yake wakisikiliza. Miaka mingi ilipita kabla ya vituo vya GB kuruhusiwa kumwachia mgeni atoe salamu fupi, mwenye leseni akiwa ameketi pembeni. Duniani kote kanuni zilikuwa ngumu hivyo: kupitisha ujumbe wa mtu wa tatu hewani kulihitaji nchi mbili zikubaliane kwanza. Mkutano mkuu wa redio wa mwaka 2003 ulilegeza kifungu hicho, hasa kwa ajili ya majanga na dharura. Nimeuliza kwa nini serikali ziliogopa salamu za mtoto. Nijuavyo mimi, hawakuogopa salamu. Waliogopa watu kukwepa kulipia simu na telegramu. Sababu nyingi za kuwanyamazisha watu ni za hesabu za fedha kuliko tunavyodhani.

Basi wale maskauti wenye leseni waliokutana GB3SP walikuwa na shida moja: kambi itavunjwa, kila mtu atarudi kwao, na itapita miaka kabla ya kukutana tena. Mmoja wao, Mwingereza Les Mitchell, mwenye jina la hewani G3BHK, akachukua wazo lililozaliwa pale kwenye mazungumzo yao: tupange siku moja, kila mtu akiwa kwao, tukutane hewani. Siku ilipangwa. Tarehe 10 na 11 Mei 1958 vituo vya maskauti viliingia hewani kwa wakati mmoja katika nchi mbalimbali. Wakauita mkutano huo jambori ya hewani, na haujakatika tangu hapo. Siku hizi ni wikendi ya tatu ya Oktoba. Wanaredio wengi wa kawaida hufungua milango yao siku hizo ili watoto wa jirani waje waseme salamu.

Niliposoma hayo nilikaa kimya kidogo. Kambi ilivunjwa, na kilichobaki si hema wala nyasi, ni miadi.

Baden-Powell hakuiona kambi ile. Alikufa mwaka 1941 hapa hapa Kenya, Nyeri, na kaburi lake liko huko chini ya Mlima Kenya. Kwenye jiwe wamechora duara lenye nukta katikati. Ni alama ambayo maskauti huiacha njiani wakimaliza safari, na maana yake ni "nimerudi nyumbani". Aliyezaliwa London amewekewa alama ya kurudi nyumbani Nyeri. Niliwaeleza vijana, na mabishano yalikuwa makali. Nusu walisema hiyo ni haki yake, mtu anachagua nyumbani kwake, na nusu walisema kuchagua ni kwa mwenye pasipoti. Sikuwa na jibu.

Mabishano hayo yalikuwa yameanza kwenye herufi za mwanzo. Siku ya kwanza nilipowafundisha majina ya hewani nilifanya kosa la kuuliza, "Na sisi tungeanza na nini?" Mmoja akasema 5Z, tuko Kenya. Mwingine akasema yeye ni 9Q hata akizikwa hapa. Msichana wa Burundi akasema 9U, halafu akasema, ngoja, mimi sijawahi kufika. Ndipo yule kijana mcheshi akasoma kwenye orodha kwamba makao makuu ya Umoja wa Mataifa New York yana kituo chenye jina 4U1UN, na ITU huko Geneva ina 4U1ITU, na kwamba wanaredio wanavihesabu vituo hivyo viwili kila kimoja kama nchi ya pekee. Akaruka juu. "Sasa si tunaitwa watoto wa UN? Tupewe 4U!"

Sheria haiko hivyo, na nilimwambia. Mtambo unafuata ardhi uliyosimama juu yake. Ukiwa Kakuma, jina ni la Kenya, na leseni inatoka kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Alinijibu, "Basi mi nitakuwa 5Z hewani na 9Q kwenye foleni." Nimeliandika hapa kwa sababu aliniomba niliandike.

Mwenzangu tunayefanya naye kazi na vijana, yeye ni wa Sudan Kusini, alikuwa na habari iliyotushinda wote. Orodha ya nchi wanayoitumia wanaredio wengi hutunzwa na chama cha Marekani, ARRL. Katika orodha hiyo Sudan ya Kusini ilihesabiwa peke yake kuanzia mwaka 1972, mwaka wa mkataba wa Addis Ababa, mpaka mwisho wa 1994, walipoifuta. Hewani ilikuwa nchi, kwenye ramani haikuwa. Kisha uhuru ukaja tarehe 9 Julai 2011, tarehe 14 nchi ikapokelewa Umoja wa Mataifa, na siku hiyo hiyo wanaredio wakaiandika upya kwenye orodha kama nchi mpya. Kabla mwezi haujaisha kikundi cha wanaredio kutoka nje kilikuwa kimesimika antena Juba, kwa jina ST0R, bado na herufi za Sudan kwa kuwa mpya hazijatoka. Herufi Z8 zilikuja baadaye. Kwa siku zile chache walifanya mawasiliano zaidi ya laki moja.

Mtu mwenye kujua sheria atasema hicho hakikuwa kituo cha tukio maalumu bali safari ya redio. Sawa. Lakini niambie tukio lipi ni maalumu kuliko hilo. Mwenzangu alikuwa hapa hapa kambini Julai ile, ana miaka kumi, wanacheza ngoma mpaka asubuhi. Hakujua kwamba kuna watu Japani na Brazili wamekesha macho mekundu, wanaita, wanaita, ili tu nchi yake iwajibu "nimekusikia" na kuandika majina yao. Alipojua alisema jambo moja: "Watu walipanga foleni kwa ajili yetu?"

Foleni hiyo inafaa kuelezwa, maana ndiyo sehemu ambayo mkazi wa kambi anaielewa haraka. Kituo maalumu kikiita, mamia wanajibu pamoja, kwenye masafa hayo hayo. Unasikia kelele kama ya bomba la maji saa ambayo presha imekuja. Mwendeshaji asiyejua kazi anachanganyikiwa. Anayejua anapanga watu: naomba wenye tarakimu 1 kwenye jina lao tu, wengine subirini, sasa tarakimu 2, sasa 3. Ndivyo hasa mgao wetu unavyokwenda, ukubwa wa familia moja kwanza, halafu mbili. Na kama hapa, kuna wanaojipenyeza kwenye zamu isiyo yao. Mwendeshaji mzuri hawajibu, hata wakipiga kelele namna gani, kwa sababu akimjibu mmoja, wote watajifunza kupiga kelele.

Anayetaka kukipata kituo kama hicho anashauriwa kusikiliza muda mrefu kabla ya kufungua mdomo. Ajue kwanza anayeita ni nani, anasikiliza masafa gani, maana mara nyingi anarusha hapa na kusikiliza pembeni kidogo. Halafu ataje jina lake mara moja, anyamaze. Akijibiwa, wanapeana alama za usikivu: 1 mpaka 5 kwa maneno kueleweka, 1 mpaka 9 kwa nguvu ya sauti. Kwenye vituo maalumu karibu kila mtu anapewa 59, yaani kamili, hata aliyeambiwa arudie jina lake mara nne. Ni uongo wa adabu, kama kusema chai ni nzuri ugenini.

Sisi hatuna leseni, kwa hiyo haturushi. Hilo niliweke wazi kwa vijana na kwa wakubwa pia. Lakini msikilizaji naye ana nafasi yake katika mchezo huu tangu zamani. Ukisikia kituo, ukaandika ripoti sahihi, wengi watakutumia kadi kama wanavyomtumia aliyeongea. Na hakuna kuchungulia siri za watu: kanuni za kimataifa zinakataza wanaredio wa ridhaa kuficha maneno yao kwa mafumbo. Wanachosema ni cha kila mwenye sikio.

Redio tuliachiwa na mhudumu mmoja aliyemaliza mkataba wake. Ni ndogo, inaingia mfukoni, lakini ina kitufe cha SSB, na bila kitufe hicho sauti za watu hawa zinasikika kama bata wanaogombana. Jumamosi ya tarehe 21 Oktoba 2023 tulitundika waya kutoka dirisha la kituo cha vijana mpaka kwenye mwarobaini. Mchana tulipata kelele tu za jenereta. Jioni jenereta ikazimwa, na usiku, kwenye 21.360, kijana wetu mmoja akainua mkono. Mtoto wa kike wa Italia alikuwa anaongea Kiingereza cha shule na kituo cha Finland. Alisema kwao mvua inanyesha. Aliuliza, "Mko wangapi hemani?" Halafu akacheka, sijui kwa nini. Kijana aliandika kila kitu: majina yote mawili ya hewani, hema, mvua, kicheko, na saa.

Saa ndiyo iliyotuponza. Aliandika kama anavyosema kila Mswahili: saa 3:12 usiku. Jumatatu mimi, mwenye cheti cha kidato cha nne na kiburi cha kidato cha nne, nikachapa ripoti. Wanaredio wote duniani hutumia saa moja, ile ya UTC, ambayo iko nyuma ya Kenya kwa saa tatu. Nikaona 3:12 usiku, nikatoa tatu, nikaandika 00:12. Saa tatu usiku ya kwetu ni 21:00 ya kwenye simu, na 18:00 ya UTC. Jambo moja lina majina matatu, na mimi nikaruka la katikati.

Kosa aliligundua kijana mwenyewe, jioni ile ile ya barua pepe, akiwa anatembea kurudi kwao. Alirudi mbio. Tuliandika tena: 18:12, na mvua, na hema, na jina la kituo cha Finland. Sikuwa na tumaini kubwa. Kwa uzoefu wetu orodha ikishafungwa imefungwa, na mtu anayerudi na maelezo mengine anaonekana mwongo. Jibu lilikuja baada ya siku nne. Walikuwa wameangalia: 18:12, Finland, imo. Waliandika kwamba yule mtoto alicheka kwa sababu hema lao lilikuwa linavuja.

Kadi yenyewe ilifika Aprili, kupitia sanduku la posta la ofisi, kona moja imekunjwa. Ina picha ya milima, tarehe, saa, masafa, na kwa kalamu ya wino wameandika tulikosikilizia: Kakuma, Kenya. Yule kijana aliomba ailaze kwao usiku mmoja amwonyeshe mama yake, kisha akairudisha. Mzee wa Foni aliigeuza upande na upande, akaisoma saa, akahesabu kwa vidole mpaka akafika saa tatu usiku, akasema, "Hii imefika."

Iko ukutani, karibu na mlango. Chini yake nimebandika jedwali la saa kwa maandishi makubwa, la kwetu, la simu na la UTC, ili nisirudie aibu. Kuhusu leseni, tumeshaandika barua kuuliza mtihani unafanyikaje na kama mwenye karatasi za ukimbizi anaweza kuufanya. Likija jibu nitaliandika hapa jaridani, liwe zuri au baya. Wikendi ya tatu ya Oktoba waya utatundikwa tena kwenye mwarobaini. Anayetaka kusikiliza aje Jumamosi kuanzia saa kumi na moja jioni, yaani 17:00, yaani 14:00, na daftari lake.